Mgonjwa Karuhusiwa, Dhamana Imebaki kwa Nani?

Hospitali ina namna yake ya kuhesabu. Mgonjwa akiruhusiwa, kitanda kinaandikwa kitupu, faili linafungwa, na siku alizolazwa zinaingia kwenye takwimu. Kwa hesabu hiyo, mambo yamekwisha pale karatasi ya ruhusa iliposainiwa. Mwilini hayajaisha. Kidonda cha upasuaji bado kibichi. Mapafu yaliyokuwa na nimonia bado yanahema kwa hatua chache. Dozi ya insulini iliyopangwa kwa mlo wa wodini haijajaribiwa kwa mlo wa nyumbani, na mzee aliyekuwa akienda chooni peke yake kabla ya kulazwa sasa anashikwa mkono. Kilichobadilika ni mahali, na pamoja na mahali amebadilika mtu wa kuyashughulikia yote hayo.

Huduma ya afya nyumbani baada ya kulazwa huzungumzwa kama orodha ya kazi: muuguzi aje kusafisha kidonda, mtaalamu wa fiziotherapia aje kufanyisha mazoezi, mhudumu aje kuogesha. Kila kazi ina dakika zake na malipo yake. Ninavyoona mimi, shida inaanzia hapo. Kazi zimegawanywa vizuri, lakini dhamana ya mgonjwa mzima haikukabidhiwa kwa yeyote. Na dhamana isiyokabidhiwa haiyeyuki. Humwangukia aliye karibu: mke, mume, binti, kaka, mtu ambaye wiki iliyopita hakujua hata jina la dawa moja.

Tuanze na hatari yenyewe, maana wengi huidharau. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa karibu milioni 12 wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayowahudumia hasa wazee. Takriban mmoja kati ya watano alirudi kulazwa ndani ya siku 30. Takwimu hiyo imenukuliwa mno hadi imechakaa. Iliyonishtua ni nyingine katika uchambuzi uleule: kati ya wale waliokuwa wamelazwa kwa maradhi yasiyo ya upasuaji wakarudi ndani ya siku hizo 30, karibu nusu hawakuwa na kumbukumbu ya malipo inayoonyesha kwamba kuna daktari aliyewaona kati ya kutoka na kurudi. Yaani waliondoka mikononi mwa mfumo, na mfumo ukaja kukutana nao tena wakiwa taabani.

Miaka minne baadaye, katika jarida hilohilo, daktari wa moyo Harlan Krumholz wa Chuo Kikuu cha Yale alieleza kwamba kulazwa kwenyewe kunadhoofisha. Mgonjwa hulala kwa vipande kwa sababu anaamshwa usiku kupimwa. Hukaa na njaa akisubiri vipimo, au chakula hakipiti kwa kichefuchefu. Hupewa dawa za maumivu na za usingizi zinazomlegeza akili na miguu. Akitoka, anabeba udhaifu wa maradhi na udhaifu wa wodi kwa pamoja, na ndiyo maana wengi wanaorudi hawarudi kwa ugonjwa uleule. Aliyelazwa kwa moyo anaweza kurudi kwa kuanguka. Aliyelazwa kwa nimonia anaweza kurudi kwa kutokwa damu tumboni. Familia iliyoambiwa ichunge kifua haikuwa ikichunga kitu kingine.

Misuli nayo ina habari yake. Utafiti mmoja wa mwaka 2007 uliwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema waliojitolea. Miguuni mwao walipoteza karibu kilo moja ya nyama isiyo mafuta. Hao walikuwa wazima, wanakula, hawana homa wala kidonda. Sasa mfikirie mgonjwa. Kuinuka kitini bila kusukumia mikono, kupanda ngazi mbili tatu, kuingia bafuni na kutoka salama: kwake hayo ndiyo matibabu yenyewe, sawa na vidonge, na mtaalamu wa fiziotherapia anayefika nyumbani si pambo la huduma. Ajabu ni kwamba familia zenye upendo mwingi ndizo zinazoharibu zaidi sehemu hii. Zinamlisha anayeweza kujilisha, zinambeba anayeweza kujikongoja, halafu baada ya mwezi zinashangaa mbona hasimami. England, kupitia sheria yake ya huduma za kijamii ya mwaka 2014, hutoa bila malipo, kwa hadi wiki sita, huduma ya kumrudishia mtu uwezo wa kujihudumia. Mhudumu wa aina hiyo hufundishwa kufunga mikono yake nyuma na kusubiri mgonjwa akihangaika na kifungo cha shati. Kwa asiyejua, anaonekana mvivu au katili.

Lakini panapovuja kuliko pote ni kwenye dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 400 walioruhusiwa kutoka hospitali moja ya kufundishia nchini Marekani. Takriban mmoja kati ya watano alipata madhara yaliyosababishwa na matibabu, si na ugonjwa wake, na karibu theluthi mbili ya madhara hayo yalitokana na dawa.

Sababu zake si za kitaalamu sana. Mgonjwa anarudi na mfuko wa dawa mpya, na kabatini ziko za zamani. Karatasi ya ruhusa inasema furosemide, dawa ya kupunguza maji mwilini. Kopo la kabatini limeandikwa Lasix. Ni dawa ileile, lakini nani amemwambia anayeuguza? Anampa zote mbili, kwa saa zake bila kukosa, na baada ya siku chache mgonjwa anaona kizunguzungu kila akisimama, presha imeshuka na figo zinaanza kuzidiwa. Au daktari wa wodini alisimamisha dawa fulani kwa muda kwa sababu mgonjwa alikuwa amepungukiwa maji mwilini, akakusudia irudishwe hali ikitengemaa. Hakuandika lini, wala irudishwe na nani. Au mtu anayetumia warfarin ili damu isigande anarudi na antibayotiki inayoiongezea warfarin nguvu, na kipimo cha damu kinachotakiwa kurudiwa ndani ya siku chache hakina mwenyewe: wodi inaamini ni kazi ya kliniki, na kliniki bado haijaona karatasi yoyote.

Majibu ya vipimo nayo yana hadithi ya namna hiyo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 kutoka hospitali mbili za kufundishia, huko huko Marekani, ulikuta kwamba katika kila wagonjwa 100 walioruhusiwa, 41 waliondoka kabla ya baadhi ya majibu yao kutoka. Mengi ya majibu hayo huwa hayana neno. Machache hubadilisha matibabu, na kama yataishia kwenye kompyuta ya daktari aliyekwisha hamia wodi nyingine, mgonjwa ataendelea kunywa antibayotiki ambayo vijidudu vyake havina habari nayo.

Muuguzi mzuri wa nyumbani, kabla hajagusa bandeji, huomba dawa zote zilizomo nyumbani ziletwe mezani: za kabatini, za kwenye mkoba, za mitishamba, hata zile alizoazimwa na jirani. Anazipanga, anazilinganisha na karatasi ya ruhusa moja baada ya nyingine, anauliza ipi inanywewa kweli na ipi inafichwa chini ya mto kwa sababu inaleta kichefuchefu. Hiyo inaweza kuchukua saa nzima, na kwenye fomu ya malipo ameandikiwa kusafisha kidonda tu. Je, akigundua kosa? Ana mamlaka ya kulirekebisha, au atapiga simu wodini aambiwe daktari mhusika amemaliza zamu? Nitalirudia swali hili. Naliona ndilo linalotenganisha huduma inayozuia mtu asirudishwe hospitali na ziara ya kumjulia hali.

Kanuni za Medicare zinataka shirika la huduma ya nyumbani lifanye ziara ya kwanza ya tathmini ndani ya saa 48 tangu lipokee rufaa au tangu mgonjwa arudi nyumbani, isipokuwa daktari amepanga tarehe nyingine. Ni kanuni nzuri, na popote pasipo na kanuni ya namna hiyo familia ingefaa iidai. Siku mbili za mwanzo ndizo ambazo dawa mpya na za zamani zinachanganywa, mgonjwa anajaribu choo chake kwa mara ya kwanza akiwa na miguu isiyo yake, na bandeji ya hospitali inalowa. Muuguzi anayekuja siku ya saba anakuta makosa yameshakuwa mazoea. Anayeruhusiwa Ijumaa alasiri yuko kwenye hatari yake ya pekee: duka la dawa linakaribia kufungwa, ofisi ya huduma za nyumbani imefungwa, na kitanda cha hospitali, ambacho hakijui wikiendi, kinamngoja mwingine.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Juma lina saa 168. Tuseme mgonjwa amepata ziara nne kwa juma, kila moja saa moja, na wengi hawapati hata hizo. Zinabaki saa 164. Katika saa hizo mgonjwa asiyejiweza anageuzwa ubavu mara kwa mara, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulala upande mmoja. Mfuko wa mkojo unamwagwa, na mtu anakumbuka usiinuliwe juu ya usawa wa kibofu, mkojo usirudi ndani. Sukari inapimwa. Mwenye moyo dhaifu anapandishwa mizani kila asubuhi. Yupo anayeamka usiku kwa sababu baba ameanza kuongea na watu wasiokuwepo. Wodini kazi hii hufanywa na wauguzi wa zamu tatu waliosomea. Nyumbani hufanywa na mtu mmoja ambaye pia ana ajira, watoto, na mgongo wake mwenyewe unaomuuma.

Mtu huyo amefundishwa nini? Mara nyingi dakika chache mlangoni, huku gari likisubiri, na sentensi moja: hali ikibadilika mrudisheni. Sentensi hiyo ninaichukia. Hali ya mgonjwa aliyetoka hospitalini hubadilika kila siku. Anayeuguza anataka kujua badiliko lipi, kwa kiasi gani, na lipi linaweza kungoja asubuhi. Kwa mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, maelekezo yanayofaa yana tarakimu: uzito ukipanda zaidi ya kilo moja kwa siku, au zaidi ya kilo mbili kwa wiki, piga simu leo, usisubiri miguu ivimbe wala pumzi ikate. Kwa asiyeinuka kitandani: wekundu kwenye kisigino au juu ya matako usiofifia ukiubonyeza kwa kidole ni kidonda kinachoanza. Ngozi ikiwa nyeusi wekundu huo unaweza usionekane, kwa hiyo pagusweni mkilinganisha na pembeni kama pana joto zaidi, pamekuwa pagumu au panauma. Kwa aliyefanyiwa upasuaji: mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu ilhali mwenzake uko sawa, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda na haingoji kesho. Kwa mzee yeyote: kuchanganyikiwa kwa ghafla si uzee. Huenda ni maambukizi, au dawa, au upungufu wa maji, na mzee anayelala tu, amenyamaza kupita kawaida yake, anaweza kuwa mgonjwa kuliko anayepiga kelele.

Na kufundisha si kuuliza "umeelewa?" Nani atajibu hapana mbele ya daktari mwenye haraka? Anayeuguza aambiwe aoneshe: achome sindano ya insulini mwenyewe, abadilishe bandeji mwenyewe, aeleze kwa maneno yake atampigia nani usiku wa manane. Akikosea, akosee wodini mbele ya muuguzi. Kazi hii ianze siku ya pili ya kulazwa, si saa ya kuondoka. Najua wauguzi wa wodini watasema hawana muda, na ni kweli hawana. Lakini muda ambao hawakuutumia hapo haukuokolewa. Utalipwa na idara ya dharura.

Wapo waliojaribu kuikabidhi dhamana kwa mtu mmoja anayejulikana. Mary Naylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha mwaka 1999 jaribio lililohusu wagonjwa 363 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na hatari kubwa ya kurudishwa. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilipangiwa muuguzi mbobezi aliyewatembelea wakiwa bado wodini, akawafuata nyumbani ndani ya saa 48, akarudi tena baada ya siku 7 hadi 10, na akawa anapatikana kwa simu siku zote za wiki. Baada ya wiki 24, kwenye kundi la kawaida asilimia 37 walikuwa wamerudi kulazwa angalau mara moja. Kwenye kundi la muuguzi huyo, asilimia 20. Muuguzi aliyemwona mgonjwa kitandani wodini ndiye aliyebisha hodi nyumbani. Alijua mguu ulikuwaje juzi, kwa hiyo aliona leo umekuwaje.

Ningeweza kuishia hapo na hoja yangu ingependeza. Ila kuna jaribio jingine linaloikwaza. Camden, mji wa New Jersey, ulipata sifa kubwa kwa mpango wa kuwafuatilia wagonjwa wanaoingia na kutoka hospitalini mara kwa mara: timu ya wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii iliwatembelea nyumbani, ikawapangia miadi, ikawasindikiza kwa daktari. Mpango ulipopimwa kwa watu 800 waliogawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, wengine wahudumiwe na wengine wasihudumiwe, matokeo yalitoka mwaka 2020: ndani ya siku 180, waliohudumiwa walirudi kwa asilimia 62.3, na wasiohudumiwa asilimia 61.7. Hakuna tofauti. Wagonjwa wa Camden walikuwa na mizigo mizito zaidi kuliko wale wa Pennsylvania, maradhi sugu kadhaa kwa pamoja, wengi wakiwa na ulevi, matatizo ya akili, hata kukosa mahali pa kulala, na sitaki kulinganisha visivyolingana. Hata hivyo nalisoma tokeo hilo hivi: kumpa mtu jukumu la kuratibu haitoshi kama anachoratibu hakipo. Unaweza kumpangia mgonjwa miadi kwa uzuri kabisa, na miadi ikawa baada ya wiki tatu.

Kwa hiyo swali la mamlaka linarudi. Muuguzi wa Naylor alikuwa na elimu ya juu ya uuguzi na alishirikiana moja kwa moja na madaktari wa mgonjwa, hivyo akiona miguu inajaa aliweza kufanikisha dozi ibadilike siku hiyohiyo. Muuguzi wa kawaida wa nyumbani, kwa mpangilio wa mahali pengi, huandika ripoti. Ripoti inapita kwa msimamizi, inatumwa kwa daktari, inasubiri. Mgonjwa hasubiri, ikifika saa nne usiku pumzi inambana, anapelekwa hospitali, na hapo anapewa sindano ya dawa ileile ambayo kidonge cha ziada cha asubuhi huenda kingetosha kuchukua nafasi yake.

Waholanzi walilishughulikia jambo hili kwa njia ninayoipenda kwa sababu ya urahisi wake. Mwaka 2006 Jos de Blok, aliyekuwa muuguzi, alianzisha na wenzake wachache shirika la Buurtzorg katika mji wa Almelo. Timu ina wauguzi wasiozidi 12, inahudumia mtaa wake, haina meneja wa kuipangia, na muuguzi yuleyule anayesafisha kidonda anaweza pia kumwogesha mgonjwa na kuzungumza na daktari wake. Wakosoaji waliona ni upotevu kumtumia muuguzi aliyesoma kwa kazi ya kuogesha. Lakini bafuni ndiko anakoiona ngozi ya mgongo, anakojua kama mgonjwa amekonda, anakosikia yale ambayo mgonjwa hayasemi mbele ya wanawe. Wala wazo si geni. William Rathbone alianza kuwalipa wauguzi wa kuwahudumia maskini majumbani mwao Liverpool mwaka 1859, na Lillian Wald alianzisha uuguzi wake wa mtaani New York mwaka 1893, wauguzi wakiishi palepale walipowahudumia watu. Uuguzi wa kuhesabiwa kwa dakika ulikuja baadaye.

Ulikuja na pesa, na pesa hazikwepeki hapa. Mwaka 1983 Medicare iliamua kuacha kulipa hospitali kwa gharama ilizotumia ikaanza kulipa kiwango maalumu kwa aina ya ugonjwa. Kuanzia hapo, kila siku aliyokaa mgonjwa ikawa hasara kwa hospitali badala ya mapato, na wagonjwa wakaanza kutoka mapema zaidi, wakiwa wagonjwa zaidi. Sidai kwamba siku nyingi hospitalini ni bora. Nimekwisha kueleza wodi inavyodhoofisha. Ila gharama iliyopunguzwa hospitalini haikufuatana na mgonjwa nyumbani kwa ukamilifu. Mwaka 2012 Marekani ilianza kuzitoza adhabu hospitali ambazo wagonjwa wao wa maradhi fulani wanarudishwa kupita kiasi kinachotarajiwa, na adhabu hiyo ikaja kufikia hadi asilimia 3 ya malipo. Kwa mara ya kwanza hospitali ikawa na sababu ya kifedha ya kuuliza mgonjwa anaendeleaje baada ya kutoka. Siku 30 tu, lakini. Siku ya 31 udadisi huo unaisha.

Bima nazo zina milango yake. Medicare humlipia huduma ya uuguzi wa nyumbani mtu ambaye kutoka nje kwake ni kazi kubwa na ambaye anahitaji ujuzi wa muuguzi au fiziotherapia kwa vipindi. Kumpikia, kumfulia na kukaa naye usiku kucha si sehemu ya malipo hayo. Kwa miaka mingi wagonjwa walikatiwa huduma kwa hoja kwamba hawaoneshi maendeleo, hadi maridhiano ya kesi ya Jimmo dhidi ya Sebelius yalipothibitishwa mahakamani mwaka 2013: huduma inayohitaji mtaalamu ili hali isizorote inastahili kulipiwa hata kama mgonjwa hatapona. Bima ya popote ikitumia hoja hiyo ya maendeleo, familia iombe ionyeshwe kifungu kilichoandikwa.

Ujerumani imekwenda hatua nyingine. Bima yake ya matunzo, iliyoanza mwaka 1995, huwachangia pensheni wanafamilia wanaotimiza kiwango fulani cha saa za kuuguza ndugu yao kila wiki. Si fedha nyingi. Ila ni serikali kukiri kwa maandishi kwamba zile saa 164 ni kazi, na mwenye kuzifanya atazeeka siku moja. Kwingi duniani saa hizo huitwa upendo, na kwa kuwa zimeitwa upendo hazilipiwi wala hazifundishwi, na anayechoka huona haya kusema amechoka.

Vifaa vya kupima ukiwa nyumbani na kutuma namba kwa kliniki vinasaidia pale tu ambapo kuna mtu upande wa pili wa kuzisoma na kuchukua hatua. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kuna pia wasiostahili kupelekwa nyumbani moja kwa moja, na tusioneane haya kulisema. Mgonjwa wa kiharusi anayehitaji watu wawili kumwinua, na anayeishi na mke wa miaka 80, hana nyumba ya kurudi kwa sasa. Ana anwani tu. Kituo cha ukarabati kikiwepo, aende huko kwanza. Daktari anapouliza "kuna mtu nyumbani?" na jibu likawa ndiyo, swali halijajibiwa. Huyo mtu ana nguvu gani? Anashinda wapi mchana? Amekubali, au amekutwa tu yupo? Mgonjwa naye aulizwe, maana wapo wanaoitikia kurudi nyumbani kwa kuona aibu kuchukua kitanda, na wapo wanaotamani nyumbani hata kwa hatari yake, nao wana haki ya kusikilizwa.

Kwa aliye na mgonjwa wodini wakati huu, madai yangu ni machache. Omba siku ya ruhusa itajwe mapema, hata kwa kukisia. Omba orodha moja ya dawa inayosema ipi ni mpya, ipi inaendelea, ipi imesimamishwa na hadi lini. Uliza majibu gani bado hayajatoka na yatapelekwa kwa nani. Uliza muuguzi wa kwanza atafika siku gani, na kama siku hiyo haijapangwa, karatasi ya ruhusa isubiri kidogo. Omba jina na namba ya mtu mmoja mwenye uwezo wa kubadilisha dozi usiku wa Jumamosi. Wakikupa namba, ipige mkiwa bado wodini, mbele yao, uone kama inapokelewa na anayepokea anamjua mgonjwa wako.